Mkulima Asiye na Jembe: Nyungunyungu wa Msituni na Shamba la Mita Thelathini

MTANGAZAJI: Tunawasalimu ninyi mlio Nakivale, Kyangwali na Rwamwanja kule Uganda, ninyi mlio Nyarugusu nchini Tanzania, ninyi wa Mahama nchini Rwanda, ninyi wa Kakuma na Dadaab nchini Kenya, pamoja na wenyeji mnaoishi jirani na kambi hizo. Leo tunaingia ndani ya msitu wa hifadhi, lakini macho yetu hayatakuwa juu kwenye miti. Yatakuwa chini, kwenye udongo, kumtafuta mkulima asiye na jembe. Mnaosikiliza katika vikundi, wekeni kalamu na karatasi karibu, maana kuna hesabu kidogo. Mwalimu, karibu.

(Muziki mfupi, kisha unashuka.)

MZUNGUMZAJI: Asante sana. Ndugu zangu, hamjambo?

Kuna swali ambalo mtu yeyote anayelima karibu na msitu hujiuliza. Msitu haulimwi na mtu. Hautiwi samadi wala mbolea ya dukani. Lakini ukiingiza kidole katika udongo wake, kinazama. Na mimi, shamba langu nimelipiga jembe mara mbili, nimelipalilia, na baada ya mvua tatu tu limekuwa gumu kama sakafu. Maji yanapita juu, hayaingii. Kwa nini?

Swali hili si la kupitisha muda. Katika kambi nyingi mgao wa chakula umepunguzwa, na kile kiwanja ulichopewa ndicho kinachojaza pengo kwenye sufuria. Huko Uganda familia nyingi zimepewa kiwanja cha mita 30 kwa mita 30. Wengine mna kidogo zaidi, wengine mna bustani tu kando ya nyumba. Zamani, huko tulikotoka, shamba likichoka babu aliliacha lipumzike, akafungua jingine. Wewe leo huna pa kuhamia. Udongo huo huo wa mwaka jana ndio wa mwaka huu, na ndio wa mwaka ujao. Kwa hiyo kujua kwa nini udongo wa msitu hauchoki ni kujua namna ya kula mwakani.

Jibu moja kubwa linatambaa. Ni nyungunyungu.

Hapa tuelewane kuhusu jina, maana neno "minyoo" linawatisha watu. Simzungumzii mnyoo wa tumbo, yule anayewasumbua watoto wetu. Huyo ni kiumbe mwingine kabisa. Namzungumzia yule mrefu, laini, mwenye pingili pingili, anayetokea mvua ikinyesha. Wavuvi wanamjua kama chambo. Wasemaji wa Kinyarwanda wanamwita umunyorogoto. Hana meno, hana macho, hana miguu. Hang'ati mmea wako wala haingii tumboni mwa mtu. Anapumua kwa ngozi yake, na ngozi hiyo lazima iwe na unyevu. Ikikauka, anakufa.

Mwaka 1881 mwanasayansi Mwingereza, Charles Darwin, alichapisha kitabu kizima juu ya kazi ya nyungunyungu katika kutengeneza udongo wa juu. Alikuwa amewachunguza kwa miaka mingi sana. Watu wengi wakati huo walimwona nyungunyungu kama kitu cha kukanyagwa. Yeye alionyesha kwamba udongo mweusi tunaolima umepita tumboni mwa kiumbe huyo, tena mara nyingi.

(Muziki mfupi.)

Sasa twende msituni. Wale waliosafiri kutoka Kampala kwenda Jinja wanaujua msitu wa Mabira. Barabara inapita katikati yake, na pale njiani watu huuza kuku wa kuchoma na ndizi. Mabira ni hifadhi ya serikali ya Uganda, yenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 300. Kando yake kuna mashamba ya miwa, mashamba ya chai, na mashamba madogo ya wanavijiji. Udongo wa eneo moja, mvua ya eneo moja, lakini matumizi tofauti.

Kwa sababu hiyo, miaka ya 2000 watafiti walichagua Mabira kuwa sehemu ya mradi mkubwa wa kuchunguza viumbe wanaoishi chini ya ardhi. Nchi zilikuwa saba: Brazili, Côte d'Ivoire, India, Indonesia, Kenya, Meksiko na Uganda. Kenya ilichagua Embu na Taita, Uganda ikachagua Mabira. Swali lao lilikuwa hili: msitu unapogeuzwa shamba, nani anabaki chini, na nani anaondoka?

Jinsi wanavyohesabu ni rahisi, na hata wewe unaweza. Wanachimba kipande cha udongo chenye upana wa sentimita 25 kila upande na kina cha sentimita 30, yaani urefu wa rula ya shule. Udongo wote wanauweka juu ya turubai. Wanaupekua kwa mikono, taratibu, na kila kiumbe wanachokikuta wanakihesabu: nyungunyungu, mchwa, jongoo, mende wa udongo na viwavi. Kisha wanarudia mahali pengine, na pengine tena. Hakuna mashine. Ni jembe, turubai na uvumilivu.

Ukipekua hivyo msituni, jambo la kwanza unaloliona ni kwamba nyungunyungu si wa aina moja. Wataalamu wanawagawa katika makundi matatu kufuatana na mahali wanapoishi.

Kundi la kwanza wanaishi juu kabisa, ndani ya majani yaliyoanguka. Hao mara nyingi ni wadogo, wenye rangi ya kuiva, wekundu au kahawia. Wanakula majani yanayooza. Hawachimbi sana.

Kundi la pili wanaishi ndani ya udongo wenyewe. Hao wamepauka, kama hawajaona jua, na kweli hawajaliona. Wanakula udongo, wanachuja kile kidogo kilichooza ndani yake, na mengine wanayatoa nyuma. Katika nchi zetu za joto kundi hili ndilo lenye watu wengi.

Kundi la tatu ni wasafiri. Wanachimba mashimo marefu ya kwenda chini, usiku wanapanda juu, wanakamata jani na kulivuta ndani. Mashimo yao ni kama mabomba. Mvua ikinyesha, maji yanashuka kwa njia hizo, na mizizi ya mimea inapita humo humo.

Angalieni namna kazi ilivyogawanywa. Mmoja anasaga majani, mwingine anachanganya udongo, mwingine anachimba mifereji. Ukimwondoa mmoja, kazi yake hakuna wa kuifanya.

Na kwa nini wanaupenda msitu? Kwa sababu msitu unawapa vitu vinne. Unawapa chakula, maana majani yanaanguka mwaka mzima, tani kadhaa kwa kila hekta. Unawapa kivuli na unyevu, maana jua haliufikii udongo moja kwa moja. Unawapa amani, maana hakuna jembe linalowakata wala moto unaowaunguza. Na unawapa chakula cha aina nyingi, kwa kuwa miti ni ya aina nyingi: jani laini linaoza wiki chache, jani gumu linakaa miezi. Kila aina ina mlaji wake.

Sasa fikiria tunachokifanya shambani. Tunafyeka, tunakusanya majani, tunachoma, tunafagia mpaka shamba linang'aa. Tunasema, "Angalia, shamba safi." Kwa nyungunyungu hapo ni nyumba iliyoezuliwa paa, jiko limezimwa, na chakula kimechomwa moto. Wale wa kundi la kwanza, wakazi wa majani, wanatoweka kabla ya wengine wote. Wasafiri wanafuata, kwa sababu hawana cha kuvuta. Wanabaki wachache wa ndani ya udongo, nao wanakula akiba ya zamani mpaka iishe.

(Muziki mfupi.)

Ndugu wasikilizaji, hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Mtu anaweza kusema, "Basi nitafute nyungunyungu wengi, niwamwage shambani, kazi imekwisha." Sivyo. Idadi peke yake haitoshi. Niwape mifano miwili, mmoja wa Afrika Magharibi, mwingine wa Amerika Kusini.

Nchini Côte d'Ivoire kuna hifadhi inayoitwa Lamto, penye nyika ya mivumo na ukanda wa msitu kando ya mto Bandama. Kituo cha utafiti kilifunguliwa pale mwaka 1962. Jina lenyewe limetokana na majina ya waanzilishi wake wawili, Lamotte na Tournier. Kuanzia miaka ya 1970 nyungunyungu wa Lamto wamechunguzwa kuliko wa karibu sehemu nyingine yoyote ya Afrika. Ilionekana kwamba kila mwaka, katika hekta moja, mamia ya tani za udongo hupita matumboni mwao.

Lakini walikuta pia kwamba nyungunyungu hawa wana tabia tofauti. Yupo mmoja mkubwa, kwa jina la kitaalamu Millsonia anomala. Huyu anatoa kinyesi kikubwa, kizito, cha madonge. Akiachwa peke yake, anaushindilia udongo ukawa mzito. Wapo wengine wadogo, wembamba, wa jamaa nyingine ya asili ya Afrika. Hao wanayala yale madonge, wanayavunja, wanatoa kinyesi laini kama chembe. Mkubwa anafunga, wadogo wanafungua. Wakiwa pamoja, udongo haumomonyoki ukawa vumbi, wala haubani ukawa tofali. Wakitenganishwa, udongo unaharibika.

Mfano wa pili unatoka Brazili, karibu na mji wa Manaus, katika msitu wa Amazoni. Huko watu walifyeka msitu kwa mashine nzito wakapanda nyasi za ng'ombe. Viumbe wengi wa asili wa udongo wakatoweka. Akabaki mmoja anayevumilia shida, anayeitwa Pontoscolex corethrurus. Kwa kuwa hakuna aliyebaki kushindana naye, aliongezeka mno. Kila mwaka alikuwa anatoa juu ya ardhi zaidi ya tani 100 za kinyesi kwa hekta. Ungedhani ni baraka. Lakini wale wa kuvunja madonge hawakuwepo. Vitundu vya udongo vikazibika. Mvua ikinyesha, uso wa ardhi unakuwa tope. Jua likiwaka, unakuwa ganda gumu lililopasuka, na nyasi zinakufa. Huyu nyungunyungu amesambaa duniani kote katika nchi za joto, kwa hiyo tusimwone kuwa ni habari ya mbali.

Hata hivyo, watafiti wa Manaus hawakuishia kuhuzunika. Walifanya jaribio zuri. Walichukua kipande cha udongo uliobanwa kutoka kwenye nyasi, wakakipandikiza msituni. Wakachukua kipande cha udongo mzuri wa msitu, wakakipandikiza kwenye nyasi. Wakangoja mwaka mmoja.

Baada ya mwaka mmoja, udongo mzuri uliopelekwa kwenye nyasi ulikuwa umebanwa. Na ule udongo mgumu uliopelekwa msituni ulikuwa umefunguka. Wakazi wengi wa msitu waliuingia, wakautoboa, wakaupa vitundu tena. Udongo ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni wakazi wake na mazingira yao.

Ndugu yangu unayelima udongo mgumu wa kambini, jaribio hilo linakuhusu. Udongo uliokufa haukufa kabisa. Unaweza kurudi, na si lazima usubiri maisha ya mtu mzima. Lakini haurudi kwa kuwekewa nyungunyungu. Unarudi kwa kuwekewa hali ya msitu, na nyungunyungu wanaifuata hali hiyo wenyewe.

(Muziki mfupi.)

Tuseme basi kwa vitendo. Kwanza, jipime. Subiri mvua iwe imenyesha siku kadhaa. Asubuhi mapema, kabla jua halijawa kali, chimba shimo la sentimita 25 kwa 25, kina sentimita 30. Pekua udongo juu ya gunia. Hesabu nyungunyungu, kisha zidisha kwa 16. Utapata idadi katika mita moja ya mraba. Kwa mfano, ukipata watano, mara 16 ni 80. Kiwanja cha mita 30 kwa 30 kina mita za mraba 900. Themanini mara 900 ni 72,000. Hao ni vibarua elfu sabini na mbili, wasioomba mshahara wala chakula cha mchana. Usitegemee shimo moja. Chimba matano sehemu tofauti, jumlisha, gawanya kwa tano. Halafu rudisha udongo na nyungunyungu wake. Andika hesabu yako, na msimu ujao pima tena katika mwezi huo huo.

Ukipata sifuri, usikate tamaa. Umeshajua pa kuanzia.

Pili, acha kuchoma mabaki shambani. Najua moto unarahisisha kazi, na unaua magugu na wadudu. Lakini unachoma chakula cha wafanyakazi wako, na ule unyevu wa juu unakwenda. Majivu ya jikoni machache si mabaya, yanapunguza uchachu wa udongo. Usiyarundike tu mahali pamoja.

Tatu, funika udongo. Weka matandazo. Hapa lazima tuseme ukweli: kambini mabua ya mahindi ni kuni, na pia ni chakula cha mbuzi. Mama hawezi kufunika udongo wakati hana cha kupikia. Basi tumia vile visivyoshika moto vizuri. Maganda ya maharage, majani ya migomba, kigogo cha mgomba kilichopasuliwa, magugu uliyoyang'oa kabla hayajatoa mbegu, maganda ya viazi na ya ndizi. Kama huwezi kufunika shamba lote, funika mistari miwili. Mistari hiyo miwili itakuwa mbegu ya mingine. Haba na haba hujaza kibaba. Acha nafasi ndogo kuzunguka shina la mmea, lisioze, na usitandaze mpaka kwenye ukuta wa nyumba, ili kuepuka panya na nyoka.

Nne, walishe. Nyungunyungu si mchawi, hatoi rutuba mahali pasipo na kitu. Mwaka 2014 watafiti walikusanya matokeo ya majaribio mengi kutoka sehemu mbalimbali za dunia. Walikuta kwamba palipo na nyungunyungu, mavuno yaliongezeka kwa wastani wa asilimia 25. Lakini faida ilikuwa kubwa zaidi pale mabaki ya mazao yaliporudishwa shambani. Sababu ni kwamba nyungunyungu anafungua rutuba iliyofungwa ndani ya majani na samadi, anaiweka mahali mizizi inapoifikia. Usipoweka kitu, hana cha kufungua. Kwa hiyo chimba shimo la mboji, weka matabaka: majani makavu, majani mabichi, samadi kidogo, udongo kidogo. Nyunyizia maji machache, hata yale uliyooshea mboga. Lifunike. Likishaoza na kupoa, peleka shambani.

Tano, punguza jembe. Si lazima ugeuze shamba lote kila msimu. Lima pale tu unapopanda. Kila jembe linalozama linakata nyungunyungu na kuvunja mifereji yao. Na tusidanganyane na ile hadithi kwamba ukimkata katikati wanakuwa wawili. Mara nyingi upande wa mkia unakufa, na upande wa kichwa ukipona ni bahati yake.

Sita, changanya mimea. Mahindi na maharage pamoja, maboga yakitambaa katikati, mgomba pembeni, na mstari wa kaliandra au sesbania mpakani. Miti hiyo inakupa majani ya kufunika, kuni kidogo na kivuli. Kumbuka somo la Lamto: aina nyingi za majani zinaleta aina nyingi za walaji, na walaji wa aina nyingi wanaufanya udongo usibane.

Nanyi mlio Kakuma na Dadaab, msidhani tumewasahau. Nchi kavu sana haina nyungunyungu wengi, hata ukitafuta. Huko kazi hiyo hufanywa na mchwa. Nchini Burkina Faso mkulima mmoja, Yacouba Sawadogo, alijulikana duniani kwa kuchimba vishimo vidogo katika ardhi iliyokuwa kama saruji, na kuweka samadi ndani kabla ya mvua. Mchwa walivutwa na ile samadi, wakatoboa ardhi, maji yakaingia, mtama ukaota, na hatimaye miti. Ni kanuni ile ile: mpe kiumbe wa udongo chakula na unyevu, naye atakufungulia ardhi.

(Muziki mfupi.)

Sasa nina maonyo matatu. Nisikilizeni vizuri.

Onyo la kwanza ni la afya. Usitumie kinyesi kibichi cha binadamu shambani. Hicho ndicho kinachosambaza minyoo ya tumbo, na hapo majina mawili yanayofanana yasituchanganye. Osha mikono kwa sabuni baada ya kushika udongo au samadi, na uwafundishe watoto hivyo.

Onyo la pili ni la sumu. Dawa za kuua wadudu zikimwagwa ovyo zinaua na marafiki. Fuata kipimo, na usizitumie pasipo haja. Usimwage maji ya sabuni kali au ya dawa ya kusafishia kwenye bustani.

Onyo la tatu linahusu msitu wenyewe. Baada ya kusikia haya, kijana anaweza kubeba ndoo na kwenda hifadhini kuchota udongo mweusi, majani au nyungunyungu. Tafadhali usifanye hivyo. Ziko kambi zilizo jirani kabisa na hifadhi, kama Kyangwali ilivyo karibu na msitu wa Bugoma. Kuingia na kuchukua vitu bila ruhusa ni kosa kisheria, na tunajua jinsi ugomvi wa kuni na miti unavyoharibu undugu kati yetu na wenyeji waliotupokea. Zaidi ya hayo, ni kazi bure. Nyungunyungu wa msitu ukimweka kwenye shamba lenye jua kali lisilo na majani, atakufa siku hizo hizo. Na pale ulipokwangua majani, utakuwa umeanzisha shamba gumu ndani ya msitu. Bandu bandu humaliza gogo. Ndoo moja haionekani, lakini kambi ina watu wengi.

Yapo yaliyo halali. Majani yanayoanguka kwenye njia za kambi, shuleni, kanisani na msikitini. Maganda ya sokoni jioni wauzaji wakifunga. Kinyesi cha mbuzi na kuku wa jirani. Mara nyingi watu wanafurahi uwaondolee. Hata wenyeji wanaweza kukubali kubadilishana: wewe unamsaidia kuvuna, yeye anakupa makapi.

Kuna mtu atasema, "Mwalimu, mimi ni mkimbizi. Mwakani huenda nikarudi kwetu, au nikapelekwa nchi nyingine. Kwa nini nitengeneze udongo wa watu?" Ni swali la haki. Kwanza nitamjibu kwa tumbo: matandazo ya msimu huu yanakusaidia msimu huu huu, kwa sababu udongo uliofunikwa unashika maji ya mvua uliyonayo sasa. Pili nitamjibu kwa ujuzi: ukiondoka, kiwanja kinabaki, lakini kazi uliyoijifunza unaondoka nayo. Vilima vya kwenu vina udongo unaokungoja. Na tatu nitamjibu kwa heshima: tukiondoka mahali na kuacha udongo mzuri kuliko tulivyoukuta, wenyeji watatukumbuka kwa wema.

Nimalizie kwa namba moja. Mwaka 2023 watafiti walikadiria kazi ya nyungunyungu katika chakula cha dunia. Kwa nafaka za dunia nzima, mchango wao ulikadiriwa kuwa asilimia 6.5. Lakini kwa Afrika kusini mwa Sahara ulifika asilimia 10, kwa sababu wakulima wetu wengi hawatumii mbolea nyingi za dukani. Maana yake, katika kila debe kumi za mahindi, debe moja hivi ni jasho la nyungunyungu. Mwenye pesa ya mbolea anaweza kumsahau kwa muda. Sisi hatuwezi.

Basi kesho asubuhi, kabla hujashika kiberiti kuchoma yale majani pembeni mwa shamba, simama kidogo. Yasogeze ndani. Yatandaze. Asanteni kwa kunisikiliza.

(Muziki.)

MTANGAZAJI: Asante sana, mwalimu. Wasikilizaji, tukumbushane kwa ufupi: tusichome mabaki, tufunike udongo, tuwalishe nyungunyungu kwa mboji, tupunguze jembe, tuchanganye mimea, na msitu wa hifadhi tuuache na mali yake.

Kwa vikundi vya wasikilizaji, maswali ya kujadili ni haya:

1. Katika eneo letu, ni mabaki gani ya mimea yanayochomwa au kutupwa kila wiki? Nani anaweza kuyakusanya, na yapelekwe wapi?

2. Mabua ya mahindi yanatakiwa jikoni, na mbuzi, na udongo. Familia igawanye vipi?

3. Kila mtu apime mashimo matano shambani kwake. Nani kapata nyungunyungu wengi zaidi, na analima kwa namna gani?

4. Kikundi chetu kinaweza kukubaliana nini na wenyeji kuhusu msitu ulio jirani?

Andikeni hesabu zenu na kuzihifadhi hadi msimu ujao, mkalinganishe. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda. Kwaherini.